Uso wa mfarishi mkubwa umeenda upande, mishono imepishana: nikate kingo au nifumue?

uzi_mwekundu

Wadau, salamu. Nina uso (tabaka la juu) wa mfarishi (kwilti) wenye bloku 56, yaani miraba iliyoshonwa kwa vipande vidogo: safu 8, kila safu bloku 7. Zote ni nyota zinazotakiwa kubaki inchi 12 zikishaunganishwa, na hakuna mikanda katikati, bloku inagusana na bloku. Kwa hesabu, uso mzima ulitakiwa uwe inchi 84 1/2 kwa 96 1/2, pamoja na ile robo inchi ya akiba (kitambaa kinachobaki nje ya mshono) kila upande.

Kilichopatikana ni hiki: juu 85 1/8, chini 84, kushoto 95 1/2, kulia 96 3/8. Kona hadi kona, mlalo mmoja ni 128 1/2 na mwingine 127 1/4. Kati ya safu ya 4 na ya 5 kitambaa kimejikunja sehemu tatu chini ya mshono. Makutano kama matano yamepishana kwa 1/8. Nyota za juu ncha zake zinaelea, hazifiki kwenye mshono. Za chini kuna zilizomezwa.

Nilikusudia kuweka rula ndefu, nikate kingo zote zifuate kile kipimo kidogo, 84 kwa 95 1/2, kisha nishone mikanda ya pembeni. Kabla sijagusa kisu: hiyo ni njia, au nifumue? Na kama ni kufumua, nifumue wapi? Mishono ni mingi mno.

fundi_robo

Kisu kikae mbali kwanza. Hesabu ya kukata inakataa yenyewe. Juu pamezidi chini kwa inchi 1 1/8. Ukigawa pande mbili, unakata 9/16 kila upande, wakati ncha za nyota ziko robo inchi tu kutoka ukingoni. Halafu unashona mkanda wa pembeni, unachukua robo nyingine. Mwisho wake nyota za pembeni kwenye safu ya juu zitakuwa zimepoteza 9/16, yaani karibu milimita 14 za ncha. Na ndani hujarekebisha kitu: yale makunjo matatu yako palepale.

Ukingo ukienda upande, kosa limetoka ndani, na kwa uso wa ukubwa huo kosa dogo sana linatosha. Mshono ukikosea kwa 1/16, unakosea mara mbili kwa sababu unachukua (au unaacha) 1/16 kwenye kila kitambaa kati ya viwili. Kwa hiyo kila mshono ni 1/8. Safu yako ina mishono 6 kati ya bloku na bloku: hapo tayari ni 3/4 ya inchi. Kwenda chini una mishono 7 ya safu kwa safu: 7/8 ya inchi. Na hapo hatujahesabu mishono iliyomo ndani ya bloku. Nyota ya aina hiyo ina miwili kwa upana, mara bloku 7 ni mishono 14 mingine.

Ndiyo maana swali la kwanza ni hili: bloku zako ulizipima na kuzikata zote ziwe 12 1/2 kabla ya kuziunganisha? Kama ndiyo, mishono ya ndani haihusiki tena, kosa liko kwenye kuunganisha tu, na hiyo ni nafuu kubwa. Kama hapana, kazi ni nyingine.

La pili, geuza uso chini juu, chukua rula ndogo ya plastiki angavu upime akiba ya mshono upande wa nyuma. Si mshono mmoja. Chora kwenye karatasi jedwali la 7 kwa 8 na uandike akiba ya kila mshono wa kusimama, ule wa bloku na bloku. Kwa mishono mirefu ya safu, pima sehemu tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Usitumie futi kamba kwa hili. Futi kamba inavutika, hasa ikiwa ya zamani, na unatafuta tofauti ya milimita moja na nusu. Ulete hayo majibu, ndipo tutajua pa kufumua.

pindo_pana

Naongeza kuhusu vipimo vikubwa, maana vya kwenye ukingo si vya kuamini sana. Ukingo ndio unaoshikwa, unaovutwa na kuning'inia. Pima pia katikati ya uso, juu hadi chini na kushoto hadi kulia, kwa tepu ya chuma ile ya seremala.

Kuutandaza: sakafu tupu, si zulia. Zulia linashika kitambaa na kukuficha mawimbi. Anza katikati, tandaza kwa viganja kwenda nje bila kuvuta. Kabla ya hapo weka umbo sahihi sakafuni kwa utepe wa karatasi wenye gundi, ule wa wapaka rangi. Kona ya kwanza ipate pembe mraba kwa ile kanuni ya wajenzi ya tatu-nne-tano: kutoka konani pima inchi 60 upande mmoja, 80 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili lazima pawe 100 kamili. Kisha endeleza pande zako hadi 84 1/2 na 96 1/2. Ukiutandaza uso juu ya mstatili huo unaona mara moja kona ipi imetoka nje na ipi imeingia ndani, jambo ambalo namba peke yake hazikuonyeshi.

Milalo miwili ikilingana, uso wako ni mraba, endelea na kazi. Ya kwako imeachana kwa 1 1/4, hiyo ni nyingi.

mshazari

Kwenye milalo nakupinga kidogo, pindo_pana. Milalo kulingana peke yake hakuthibitishi kitu. Umbo lililo pana chini na jembamba juu, likiwa na ulinganifu kushoto na kulia, lina milalo sawa kabisa na bado si mstatili. Vilevile pande zinazotazamana zinaweza kulingana na umbo likawa limelala upande kama sanduku la karatasi lililosukumwa. Vinahitajika vyote viwili: pande zinazotazamana zilingane, na milalo ilingane. Kwa uso wa ukubwa huu, tofauti ya hadi 1/4 kwenye pande na 1/2 kwenye milalo inavumilika.

Jambo jingine kabla ya kufumua chochote: tofautisha mshono mbaya na kitambaa kilichovutika. Dalili hazifanani. Mshono mbaya unatoa bloku iliyolala vizuri lakini kubwa au ndogo. Kitambaa kilichovutika kinatoa bloku inayofura katikati, au ukingo wenye mawimbi, hata kama mshono ni robo kamili. Nyota ina pembetatu nyingi, na kila pembetatu ina upande uliokatwa mshazari. Huo unavutika kwa kuguswa tu, na pasi inayoburutwa huku na huku inaumaliza. Pasi ya mfarishi inashushwa, inakaa, inainuliwa. Haipiti kama unanyoosha shati.

Bonyeza kiganja katikati ya bloku inayotiliwa shaka. Ikilala na kubaki, kosa ni la mshono. Ikilala kisha ikainuka pembeni ya kiganja, kitambaa kimevutika na kufumua peke yake hakutaponya.

uzi_mwekundu

Nimepima. Bloku zote zilikatwa 12 1/2 kabla ya kuunganishwa, kwa rula ya mraba, kwa hiyo ndani ziko sawa. Zinalala vizuri kwa kiganja, isipokuwa mbili za pembeni kulia zenye mawimbi kidogo.

Mishono ya kusimama: safu ya 1 hadi ya 4 akiba ni 3/16 karibu kila mahali. Safu ya 5 hadi ya 8 ni 1/4 na unywele zaidi. (Safu za juu zilishonwa kwa mguu wa kawaida wa cherehani, za chini kwa mguu wa robo inchi.)

Mishono mirefu ya safu kwa safu: yote 7 inaanza kushoto ikiwa na 5/16, katikati inakaribia 9/32, inaishia kulia 1/4. Yote imeshonwa kutoka kushoto kwenda kulia.

fundi_robo

Safi sana, hapo ugonjwa wote umejitaja, na ni miwili tofauti.

Wa kwanza ni upana. Juu kila mshono umeacha 1/16 kwa kitambaa, yaani 1/8 kwa mshono, mara 6 ni 3/4. Ndiyo sehemu kubwa ya ile ziada ya juu, na ndiyo sababu ncha zinaelea: mshono haukuzifikia. Ulipounganisha safu ya 4 na ya 5, ulikuwa unalazimisha kitambaa chenye inchi moja zaidi kiingie kwenye kifupi, kikajikunja.

Wa pili ni urefu. Kushoto kila mshono wa safu umekula 1/16 zaidi, mara mbili, mara 7: ni 7/8. Toa 95 1/2 kwenye 96 3/8, unapata 7/8 ileile.

Sasa uzuri wake. Mshono mwembamba hauhitaji kufumuliwa ili ukazwe: unashona mstari mpya ndani zaidi, ule wa zamani unabaki kwenye akiba haumsumbui mtu. Na mshono mpana hauhitaji kufumuliwa *kwanza*: unashona mstari mpya wa robo kati ya ule wa zamani na ukingo, kisha ndipo unafumua wa zamani. Vitambaa vinakuwa vimeshikana muda wote, hakuna kupanga upya, hakuna kinachoteleza. Wengi wanafumua kwanza halafu wanapata kazi mara mbili.

Kwa uso wako ningeenda hivi.

1. Fumua mshono wa safu 4–5 wote. Una makunjo, hauna namna. Sasa una vipande viwili, juu na chini, na vyote vinapitika chini ya cherehani kwa urahisi.

2. Kipande cha juu: fumua pia mishono ya safu 1–2, 2–3 na 3–4. Hapa huwezi kukwepa, kwa sababu mishono ya kusimama inapitia kwenye makutano na haiwezi kukazwa huku mshono wa safu umeishika. Ni mishono mitatu ya inchi 85, jioni moja ya kazi.

3. Kaza mishono ya kusimama 24 (safu 4, kila moja 6) iwe robo kamili. Usifuate ukingo uliochakaa, fuata ncha. Mstari mpya upite unywele mmoja nje ya ncha ya nyota, upande wa akiba, na utakuta ni robo inchi ileile. Safu zitashuka kutoka 85 1/8 hadi 84 3/8.

4. Kipande cha chini usikifumue. Mishono 5–6, 6–7 na 7–8: anza kushoto na mstari mpya wa robo, endelea mpaka uungane na wa zamani pale ulipofikia 1/4, rudi nyuma hatua tatu, kata uzi. Kisha fumua wa zamani kutoka kushoto hadi pale mistari ilipokutana. Piga pasi upya, maana mkunjo wa zamani utaonekana upande wa mbele usipoufuta.

5. Unganisha safu za juu kwa robo kamili, kisha juu na chini.

Chini kutabaki 84 na juu 84 3/8. Hiyo 3/8 usiiguse. Ukiigawa kwa bloku 7 ni chini ya 1/16 kwa kila bloku, pini zinaimaliza.

Kufumua kwenyewe: kata uzi kila baada ya hatua 4 au 5 za sindano upande mmoja, geuza, vuta uzi wa upande wa pili utoke mzima. Usiingize kisu cha kufumulia katikati ya vitambaa viwili na kusukuma. Kinapita haraka, na siku moja kinapita kwenye kitambaa.

meno_ya_chini

Hatua ya 5 ndiyo inayoharibikia watu, kwa hiyo niikalie.

Kwanza thibitisha robo yako kabla ya kushona chochote. Mguu wa cherehani ukiitwa wa robo inchi si ushahidi. Kata vipande vitatu vya upana wa 1 1/2 na urefu wa kama inchi 6, vishone ubavu kwa ubavu, piga pasi, pima. Cha katikati lazima kiwe inchi 1 kamili na upana wote 3 1/2. Cha katikati kikiwa pungufu, akiba yako ni pana. Kikizidi, ni nyembamba. Karibu kila mara utalazimika kushona unywele mmoja ndani ya robo, kwa sababu mkunjo wa kitambaa pale mshono unapogeuka nao unakula nafasi, na uzi mnene unakula zaidi. Ukishapata mahali sahihi, bandika kinga juu ya bamba la cherehani: tabaka kadhaa za ule utepe wa karatasi wenye gundi, zianze inchi 2 *mbele* ya sindano. Kinga fupi iliyo usawa wa sindano inakuonyesha kosa likiwa limeshashonwa.

Hilo la mwanzo mpana na mwisho sahihi kwenye mishono yote 7 linaelekea kuwa uzito. Mwanzoni rundo lote liko kushoto kwako na linasukuma kitambaa kukibana kwenye kinga. Likishapita nyuma ya cherehani msukumo unakwisha. Weka meza au kiti cha urefu sawa na meza ya cherehani kushoto na nyuma, uso uwe umelala, usining'inie popote. Kunja upande wa mbali kama kitabu, acha inchi 15 tu karibu na sindano.

Sasa kuhusu 3/8 iliyobaki. Meno ya cherehani yanavuta kitambaa cha chini, mguu unakizuia cha juu. Kwa hiyo cha juu huelekea kubaki kirefu mwishoni, na cha chini huelekea kumezwa. Tumia tabia hiyo: safu iliyo ndefu (hapa ya 4) ikae CHINI, kwenye meno, ya 5 ikae juu. Ukigeuza kinyume utatengeneza makunjo yaleyale uliyoyafumua.

Pini: ya kwanza katikati ya safu, mbili kwenye ncha, kisha kila makutano ya mishono, kisha moja au mbili katikati ya kila bloku kusambaza ziada. Akiba za mishono zilale kinyume, safu ya juu kushoto, ya chini kulia, ili makutano yajifunge yenyewe. Ukipapasa kwa vidole unasikia vimekaa kama vipande vya sakafu ya mbao. Pini iingie upande mmoja wa makutano na itoke upande wa pili, isipite katikati ya akiba zenyewe. Itoe sindano ikiwa karibu kufika, usishone juu yake.

Na badilisha mwelekeo: mshono wa safu moja kushoto kwenda kulia, unaofuata kulia kwenda kushoto. Ukishona yote upande mmoja, kile kitelezi kidogo kinajilimbikiza na uso unapinda kama upinde. Sindano namba 80/12, hatua (urefu wa kila mchomo) ya milimita 2.2 hadi 2.5. Hatua fupi kuliko hapo haiongezi uimara wa maana, ila kufumua inakuwa adhabu.

uzi_mwekundu

Nimeelewa, nashukuru sana. Nimejaribu vile vipande vitatu: cha katikati kimetoka 15/16 kwa mguu wa robo. Kwa hiyo hata ule mguu "sahihi" ulikuwa unakula.

Mawili ya mwisho. Pale nilipoanza kufumua 4–5 ukingo umechambuka nyuzi, sehemu fulani akiba imebaki 1/8. Na zile bloku mbili za kulia zenye mawimbi nizifanyeje? Nilifikiria kuufua uso wote ili utulie kabla ya mikanda ya pembeni.

mshazari

Usiufue. Uso usio na tabaka nyingine una mamia ya kingo wazi upande wa nyuma, maji na msukosuko vitazichambua zote, na akiba yako ya 1/8 itakuwa sifuri. Kufua ni baada ya mfarishi kufungwa kingo.

Akiba iliyochambuka: usishone kwa kufuata ukingo, hauko tena mahali pake. Chora mstari wa penseli kwa rula ukitumia ncha za nyota, shona juu ya mstari. Punguza nyuzi kwa mkasi, usizivute. Pale penye 1/8 tu, punguza hatua hadi 1.5 kwa urefu wa inchi 2 na uipitie mara ya pili juu ya uzi uleule. Pakiwa chini ya 1/8, gundisha nyuma kipande chembamba cha kile kitambaa chepesi kinachoshikwa kwa pasi, upana wa inchi 1, kabla ya kushona. Usijaribu kuokoa sehemu hiyo kwa kuhamisha mshono ndani; utaondoa urefu mahali pamoja tu na bloku jirani itafura.

Bloku zenye mawimbi: nyunyizia maji ya wanga mepesi mpaka kitambaa kipate unyevu, si kulowana. Kisogeze kwa vidole kifuate umbo la inchi 12 1/2 ulilolichora kwenye ubao wa pasi, kibanwe kwa pini kila inchi 2. Shusha pasi ya moto na uinue, mara kadhaa, kisha weka kitu kizito kilicho bapa juu yake mpaka kipoe kabisa. Kitambaa cha pamba kinakubali umbo kikiwa kinapoa. Ukikiinua cha moto kinarudi kilikotoka. Kwa bloku ya inchi 12, ziada ya 1/8 inaondoka hivi bila shida. Ikifika 1/4 uko ukingoni mwa uwezo wake: hapo shona uzi mrefu wa hatua 4 kwenye akiba, 3/16 kutoka ukingoni, vuta uzi wa bobini taratibu mpaka upande utimie kipimo, sambaza kwa vidole, ndipo pasi. Zaidi ya 1/4, fumua pembetatu iliyovutika uweke mpya, ni haraka kuliko kupigana nayo.

pindo_pana

Nakubali lile la milalo, niliandika kwa haraka.

Mikanda ya pembeni. Kosa linaloharibu nyuso nyingi ni kushona mkanda mrefu kuanzia kona moja na kukata unaobaki kona ya pili. Mkanda unafuata ukingo uliovutika, unapata mawimbi, na kushoto na kulia vinatofautiana. Urefu wa mkanda unatoka kwenye namba, si kwenye ukingo.

Pima urefu wa uso mahali patatu: katikati, na inchi 12 hivi kutoka kila upande. Jumlisha, gawa kwa tatu. Tuseme umepata 96 3/8, 96 1/4 na 96 3/8: wastani ni 96 1/3, kata mikanda miwili ya 96 3/8. Yote miwili urefu mmoja, hata kama kushoto na kulia bado vimeachana kidogo. Kunja mkanda mara mbili upate nusu na robo, fanya hivyo na uso, kisha linganisha alama kwa alama kwa pini. Ziada, popote ilipo, ikae chini kwenye meno. Shona miwili, piga pasi akiba ziende upande wa mkanda, *ndipo* upime upana, mikanda ikiwa ndani ya kipimo, kwa mikanda ya juu na chini.

Kata mikanda hiyo sambamba na ukingo wa kiwandani wa kitambaa, si kwa upana wake. Nyuzi za urefu zinavutika kidogo sana, za upana zinavutika waziwazi. Na iache pana kuliko unavyotaka kwa 1/2: ukitaka inchi 4 ionekane, kata 5 badala ya 4 1/2. Hiyo nusu ndiyo utakayoikata mwisho kupata unyoofu, bila kugusa nyota.

Zungusha uso mzima mshono wa hatua 3, 1/8 kutoka ukingoni, kabla ya kuweka pamba na kitambaa cha nyuma. Unazuia kingo kuvutika na ncha za mishono kufumuka.

uzi_mwekundu

Kwa hiyo kunyoosha kwa kisu ni lini hasa? Sasa, baada ya mikanda, au mwisho?

pindo_pana

Mwisho, baada ya kushona tabaka tatu pamoja na kabla ya utepe wa kufunga ukingo. Kushona tabaka kunauvuta mfarishi ndani, na hauvutiki sawa: penye mishono mingi unasinyaa zaidi. Ukinyoosha leo, utanyoosha tena, na kila mara unapoteza kitambaa.

Siku hiyo rula isiegemee ukingo wa nje, huo umeshachoka. Iegemee mshono wa ndani, ule unaounganisha mkanda na nyota. Anza na kona: rula ya mraba ya 12 1/2 au kubwa zaidi, mstari wake mmoja juu ya mshono wa ndani wa upande huu, mwingine juu ya mshono wa upande ule. Kata kona zote nne kwanza. Kisha unganisha kona kwa kona na rula ndefu, ukisogeza kwa hatua za kama inchi 18 na kuacha inchi 6 za rula juu ya sehemu uliyokwisha kukata. Mfarishi wote uwe juu ya meza au sakafu wakati unakata. Ukining'inia, unakata ukingo uliovutwa, na ukiuachia unarudi na tumbo.

Kabla ya kila mkato, angalia umbali kutoka mshono wa ndani mahali patatu. Ikiwa mahali pamoja mkanda umebaki 3 7/8 na pengine 4, acha hivyo, gawanya tofauti polepole kwa urefu wa upande mzima. Jicho halioni 1/8 iliyosambaa kwenye inchi 96, ila linaiona mara moja ikiwa imejazana kwenye inchi 10 za kona.

meno_ya_chini

Na kile cha 15/16: sogeza sindano hatua moja kulia kama cherehani yako inaruhusu, rudia vipande vitatu. Kama sindano haisogei, hamisha kinga badala yake, iwe karibu na sindano kwa 1/32 tu. Cha katikati kimepungua 1/16, na kinaliwa na mishono miwili, kwa hiyo nusu yake ndiyo ya kusogeza. Ukisogeza 1/16 nzima utarudi kwenye ugonjwa wa safu za juu.